Mfinyanzi Aliyealikwa Shuleni

Shimo lilichimbwa nyuma ya vyoo vya zamani, pale mafundi walipokuwa wameanza msingi wa madarasa mapya. Siku ya tatu ya kazi, sururu ya fundi mmoja ilifukua rundo la vigae vyeusi vya vyungu, na badala ya kuviacha viende na kifusi, mkurugenzi wa lisee, yaani shule ya sekondari, aliwapigia simu watu wa chuo kikuu. Akaja Bwana Libère, mtaalamu wa akiolojia, mtu mrefu mwenye kofia ya jua na suruali yenye mifuko kila mahali. Aliomba wiki mbili, na aliomba wanafunzi.

"Udongo ni wa shule yenu," aliwaambia wakiwa wamesimama kwenye jua kali la mtaa wa Mutanga Nord. "Kwa nini mi nichimbe peke yangu?"

Wakachaguliwa kumi na wawili, na Orlane akawa mmoja wao.

Orlane alikuwa na miaka kumi na sita, na katika lisee ile hakuna aliyejua anakotoka. Walijua anaishi mtaa wa Kinama, basi. Kazi ya mama yake, alisema, ni kuuza vitenge sokoni. Ukweli ni kwamba mama yake, Médiatrice, alikuwa mfinyanzi. Alikanyaga udongo uani, akafinyanga vyungu na vyetezo, akavichoma kwa majani makavu, kisha akavipanga kando ya barabara. Walikuwa Batwa, wafinyanzi wa jadi ambao watu wengi huwadharau. Shule ya msingi kule Kinama kila mtu alilijua hilo, na Orlane hakusahau jinsi wenzake walivyokataa kunywa maji kwenye kopo alilotangulia kunywea yeye. Alipofaulu mtihani na kupata nafasi Mutanga Nord, aliamua kwamba jambo hilo litabaki huko nyuma. Kila asubuhi alisugua kucha kwa mswaki wa zamani mpaka udongo wote ukatoka. Miaka mitatu hakumkaribisha rafiki nyumbani. Akialikwa kwa akina Chanelle, alikwenda, akala, akacheka, akarudi peke yake.

Kazi ya shimoni aliipenda kuliko alivyotarajia. Walifunga uzi kwenye vigingi, wakaondoa udongo kidogo kidogo kwa mwiko wa mwashi, wakauchekecha, wakapiga mswaki kila kigae na kukiandika namba. Wenzake walikuwa wakiuliza kila mara: hiki ni jiwe au chungu? Orlane hakuuliza. Alikigusa tu, akakiweka kwenye ndoo yake.

"Lakini Prof," Jimmy alisema siku ya pili, akiinua kigae kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya, "si ni vyungu ya Batwa tu hivi? Kule Kinama viko vimejaa barabarani. Hata ya bure siwezi kuchukua."

Shimo zima likacheka. Orlane naye akacheka. Alijisikia akicheka, kicheko cha juu kuliko cha wengine wote, kisha akainama akaendelea kukwangua udongo.

Bwana Libère hakucheka. Alisema vigae vile huenda ni vya kale sana, kwamba walivifanya watu waliokaa pale kabla ya mji, na kwamba bado hajui vingi. Kilichomsumbua ni nakshi: mistari midogo iliyolala kwa mshazari kuzunguka shingo ya chungu, yote sawasawa. Alidhani ilichorwa kwa kitana cha mti.

"Apana, Prof," Orlane akasema kabla hajajizuia. "Hawakuchora. Ni kamba ya majani. Unaisokota, unaiviringisha kwa kiganja juu ya udongo ukiwa bado mubichi. Angalia hapa, imerudia. Kila mzunguko alama ni ileile."

Libère alikileta kigae karibu na macho. Alikizungusha polepole.

"Nimesoma jambo hilo," alisema hatimaye, "lakini sikuliona hapa mpaka umenionyesha. We umejua wapi?"

Wote walikuwa wakimtazama.

"Kwa simu," Orlane akajibu. "Niliona video."

Libère aliandika jina lake kwenye daftari. Chanelle alimpiga bega kwa furaha. Na Orlane, ambaye kamba ile alifundishwa kuisokota akiwa na miaka mitano, amekaa katikati ya magoti ya mama yake, alipokea sifa zile akitabasamu.

Jumatatu ya wiki ya pili Libère alitangaza kwamba kesho yake atawaletea mgeni. "Video ni nzuri," alisema, akimtazama Orlane kwa tabasamu, "lakini mikono ya mutu ni nzuri zaidi. Nimeuliza uliza kule Kinama, nimepata fundi."

Orlane alijiambia kuwa wafinyanzi wa Kinama ni wengi. Alijiambia hivyo usiku kucha, na asubuhi akatazama kama mama yake anafunga mzigo wowote. Hakuona kitu. Mama yake alimwambia tu awahi, asichelewe masomo.

Saa nne mlango wa uzio wa shule ulifunguliwa. Aliyeingia nyuma ya Libère, na bonge la udongo lililofungwa kwa majani ya migomba kichwani, alikuwa Médiatrice. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kijani, kile cha Pasaka, na viatu alivyoazima kwa jirani; vilimpwaya, na alitembea akivishikilia kwa vidole. Macho yake yalizunguka kundi lile mpaka yakampata binti yake. Uso wote ukafunguka.

"Ee, Orla..." alianza.

Orlane aliangalia chini. Aliangalia vidole vya miguu yake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale.

"Mama, unamujua huyu?" Libère aliuliza.

Ilikuwa nafasi. Hata baadaye, kila alipolikumbuka jambo hili, Orlane alijua ilikuwa nafasi ndefu kabisa. Angeweza kusema neno moja. Shomoro walikuwa wakilia juu ya bati, Chanelle alikuwa ameshikana naye mkono, na yeye akasema, kwa sauti aliyoisikia vizuri masikioni mwake, "Apana, Prof. Hatujuane."

Médiatrice aliutua mzigo taratibu.

"Nilimufananisha," alisema. "Kuna mutoto wa kwetu anafanana naye kidogo. Munisamehe."

Kisha akaketi chini na kufungua udongo.

Alifanya kazi kwa saa nzima. Alianza na kitako, akapandisha kuta kwa vipande virefu vya udongo, akalainisha kwa ganda la kibuyu lililolowekwa maji. Mwanzoni wanafunzi walinong'ona. Jimmy aliziba pua, na mmoja nyuma akacheka. Lakini chungu kilivyoinuka, bila mashine, bila kipimo, mviringo wake sawa kila upande, minong'ono ilikoma. Libère alipiga picha. Aliuliza maswali, na Médiatrice akajibu kwa maneno machache, bila kuinua macho. Alipofika shingoni alisema anahitaji mtu wa kumshikia chungu wakati yeye anaviringisha kamba.

"Orlane!" Libère akaita. "Yeye ndiye aligundua nakshi hii, mama. Aliiona kwenye simu. Njoo, Orlane."

Médiatrice aliinua macho mara moja tu. "Kwa simu," alirudia. "Simu zinajua mambo mengi siku hizi."

Orlane alipiga magoti mbele yake. Chungu kilikuwa cha baridi na kizito. Mikono yao minne ilikuwa juu ya udongo ule mmoja, na bila kuambiwa Orlane alikigeuza kidogo kila mama yake alipomaliza mzunguko, akasimama, akageuza tena, kama walivyofanya uani mamia ya mara. Alisikia harufu ya sabuni kwenye nguo ya mama yake. Alitaka mama yake amwambie neno lolote, hata amtukane kwa sauti ya chini. Médiatrice alimaliza, akafuta mikono, akasema, "Asante, mademuazeli," kama anavyowaita wasichana wa mjini wanaokuja kununua.

Wakati wa chakula, madamu wa nidhamu, mwalimu anayesimamia tabia za wanafunzi, alimwita Orlane mlangoni mwa jiko. Alimpa sahani ya wali na maharage na kikombe cha plastiki kilichopasuka ukingo.

"Mupelekee yule mwanamuke pale nje," alisema. "Na hicho kikombe usikirudishe pamoja na vingine. Kiache palepale karibu na bomba."

Orlane alielewa. Alikuwa akielewa tangu ana miaka sita. Nyuma ya madamu kulikuwa na vikombe vya bati vimepangwa mezani, vya wageni, na Libère alikuwa ameshika kimoja akinywa chai na mkurugenzi, ndani, kivulini. Orlane angeweza kuchukua kimoja. Alibeba kile cha plastiki.

Mama yake alikuwa amekaa juu ya tofali. Orlane alimwekea sahani, akamwekea kikombe, akageuka. Alitembea mpaka akapinda kona ya madarasa, na hapo akaegemea ukuta.

Nyumbani jioni ile Médiatrice alipika, akapakua, akauliza kama kuna kazi za nyumbani. Kitenge kilikuwa kimefuliwa na kuanikwa. Orlane alisubiri. Siku ya pili alisubiri. Ya tatu hakuweza tena.

"Mama, ile siku..."

"Ile siku nini?"

"Kwa nini hukuniambia unakuja?"

Médiatrice alikuwa akichagua mawe kwenye maharage. "Yule bwana alikuja kwa wafinyanzi wote. Wengine walikataa, walisema watachekwa. Mi nilikataa pia. Halafu alitaja jina la shule yako. Nikasema nitakwenda. Nilitaka uone watu wananisikiliza." Aliokota jiwe, akalitupa. "Kunikana, nilielewa haraka. Najua kule kukoje. Lakini kile kikombe, Orlane. We ulikuwa unajua kile kikombe ni cha nini. Na ulikileta."

Akaendelea kuchagua.

Jumamosi kulikuwa na maonyesho. Vigae vilipangwa juu ya meza za darasa, chungu cha Médiatrice kikiwa katikati, bado hakijachomwa. Wazazi walikuja na nguo nzuri. Kwenye kadi ya chungu, Libère alikuwa ameandika: *Kimefinyangwa na fundi wa Kinama.* Chini yake: *Mbinu ya nakshi ilitambuliwa na mwanafunzi Orlane.* Jina lake lilikuwapo. La mama yake halikuwapo.

Alipopewa zamu ya kuelezea alikuwa ameandaa sentensi sita. Alisema mbili, akasimama.

"Sikuiona kwa simu," akasema. "Nilifundishwa na mama yangu. Ni yeye alifanya chungu hiki. Anaitwa Médiatrice. Prof aliuliza kama tunajuana, nikasema apana."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja wa mwanafunzi alikohoa. Libère alivua kofia yake, akaitazama ile kadi, na uso wake ukabadilika rangi. Pengine alikuwa akikumbuka chai aliyokunywa ndani. Alitoa kalamu mfukoni akaandika jina. Ilikuwa nafasi ndogo, herufi zikabanana.

Nje Chanelle alimfuata. "Miaka mitatu," alisema. "Umekula kwetu, umelala kwetu, miaka mitatu." Akaondoka. Alichukia uongo, au alichukia kile kingine? Orlane hakuja kujua, maana tangu siku ile Chanelle alihamia dawati la mbele na hakuongea naye tena ila kwa salamu.

Aliyebaki ni Khadidja, msichana mpole wa darasa lao ambaye hawakuwahi kuwa marafiki.

"Mi nilijua," alisema. "Siku mulikuwa munashika chungu. Ulikuwa unageuza kabla hajakuambia."

"Kwa nini hukusema?"

"Ilikuwa yangu kusema?"

Orlane alisikia aibu mpya juu ya ile ya zamani. Kumbe kulikuwa na mtu aliyekuwa akitazama.

Alimweleza mama yake alichofanya, akitegemea, bila kukubali moyoni kwamba anategemea, kuona ule uso ukifunguka tena. Médiatrice alisikiliza. "Walisema nini?" aliuliza. "Hawakusema kitu," Orlane akajibu. "Basi," Médiatrice akasema, akarudi kwenye udongo wake.

Wiki iliyofuata Libère alikuja mwenyewe mpaka Kinama, akakaa kwenye mkeka, akaomba radhi, akaomba Médiatrice arudi kuonyesha jinsi ya kuchoma. Médiatrice alikubali baada ya kumsubirisha kwa muda mrefu. Asubuhi ya kuchoma walitoka pamoja, Orlane akiwa na sare yake na mzigo wa majani makavu kichwani, mama nyuma na kapu la udongo. Walipanda mpaka Mutanga Nord. Mbele ya lango wanafunzi walikuwa wamejaa, Jimmy na wenzake wamekaa ukutani.

Hatua thelathini kabla ya kufika, Médiatrice alisimama.

"Nipe mzigo," alisema. "We tangulia. Mi nitakuja nyuma."

Alisema kwa upole, kama mtu anayemwambia mtoto avuke barabara. Orlane alihisi uso ukimwaka moto, masikio yote mawili. Wale ukutani walikuwa wameshaanza kuwatazama. Alitamani angekuwa mtu ambaye hajali. Hakuwa mtu huyo bado.

"Apana, Mama," alisema. "Twende."

Akaushika mzigo kwa mikono yote miwili, na wakaingia.