Batoto kwa B

Zilikuwa zimebaki herufi mbili. Programu ilikuwa imeuliza swali lake kwa Kiingereza na ilikubali jibu moja tu, neno la ndiyo, la herufi tatu. Herufi ya kwanza ilikuwa tayari imekaa kwenye kioo cha kompyuta, na kidole cha Ingénieur Liévin, mhandisi wetu, kilikuwa kinaitafuta ya pili. Mvua ilikuwa inajikusanya upande wa mtaa wa Bigo, na mtandao ulikuja na kuondoka kama homa. Alikuwa na haraka. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya bega lake, kwenye kiti cha plastiki, macho yangu yameng'ang'ania mstari mmoja ambao yeye alikuwa ameuruka.

Kazi yangu katika ofisi hii ni kuandika majina ya watoto waliopoteana na wazazi wao wakati wa kukimbia vita. Shule yangu iliishia darasa la sita, lakini kusikiliza ninajua. Mtoto wa miaka minne ukimwuliza mama yake anaitwa nani, atakujibu, Mama Ushindi, kwa sababu Ushindi ni yeye mwenyewe, na hajawahi kusikia mama akiitwa vinginevyo. Mwenye haraka huacha nafasi ile wazi. Mimi huandika kama alivyosema, kisha namwuliza mama alikuwa akimbembeleza kwa lugha gani, ana kovu wapi, nyumba ilitazama mto au barabara. Watoto wale leo wako hapa, kesho wamehamishiwa kambi nyingine, na yale waliyoniambia asubuhi ile hawayakumbuki tena. Karatasi zenyewe tulizichoma, maana orodha ya majina ikiangukia mikono mibaya inageuka silaha.

Liévin aliletwa ili majina yatoke kwenye kompyuta yetu kuukuu yaende mbali, kwenye mashine za kukodi ambazo wenyewe huzitunza mchana na usiku.

"Siye hatujengi na mikono tena, mudogo," aliniambia siku ya kwanza. "Naandika mu fichier vile nataka base, ile hifadhi ya majina, ikuwe: ukubwa yake, mulango yake, nani anaingia. Programu inasoma, inaangalia kule iko nini, kisha inafanya ile inakosekana."

"Na ukiandika vibaya?"

"Basi inafanya makosa yako muzuri sana." Akacheka peke yake.

Kabla ya kufanya lolote, programu ile huonyesha kwanza inachokusudia. Alama ya kujumlisha ni kujenga, ya kutoa ni kubomoa, na kiwimbi kidogo ni kurekebisha. Kiingereza sikijui, lakini alama za hesabu hazihitaji Kiingereza. Jumanne nilimwona akibomoa hifadhi ya mazoezi, aliyoijenga kwa kujaribia tu. Jumatano majina yote yalipanda kwenye hifadhi ya kweli, nayo kompyuta kuukuu ikasafishwa hadi ikabaki tupu, kama sheria ya ofisi inavyotaka.

Kisha asubuhi hii akaingia mkuu wetu, Madame Estelle, akainama kwenye kioo.

"Mumeandika batoto? Kwa B?"

"Ni jina ya base tu, Madame."

"Wageni wanatoka Dar es Salaam. Unataka watucheke? Andika Kiswahili cha kitabu."

Herufi moja. Liévin alibadilisha B ikawa W kila mahali katika faili lake, akaamuru programu ionyeshe. Mistari ikateremka kwa wingi. Yeye alitazama wa mwisho tu: kujenga moja, kurekebisha sifuri, kubomoa moja. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaanza kuandika jibu.

Mimi nilikuwa bado kwenye mistari ya juu. Pale juu palikuwa na alama mbili zilizoshikana, ya kutoa na ya kujumlisha, nyekundu. Mbele yake, batoto, mshale, watoto. Kando yake neno refu lililofanana na lile la Kifaransa la kuharibu.

Nikajiambia, Kahindo, huyu amesoma miaka kumi na saba. Nikajiambia, akikosea ataulizwa yeye. Tangu utoto nimezoea kuona kitu kikianguka na kungoja mwenye haki ya kusema aseme. Kungoja kule watu walikuita heshima, nami nikakubali kuitwa hivyo. Herufi ya pili ikatokea.

"Ingénieur, ngoja."

"Nini tena? Réseau ya internet itakatika."

"Gani itabomolewa?"

"Ile ya mazoezi. Si nilikuambia?"

"Ile ya mazoezi uliibomoa siku ya mardi. Nilikuwa hapa. Nilikuletea chai, ukaiacha ikapoa."

Kidole kilibaki hewani. Mlangoni Madame Estelle alichungulia, akasema gari la wageni limeshavuka rond-point, ule mzunguko wa barabara, je, tayari? Liévin alikuwa anapandisha mistari, mmoja mmoja, mpaka alipofika pale nilipokuwa. Niliona shingo yake ikilowa jasho.

"Jina," akasema polepole. "Jina hawabadilishi juu ya base ile ile. Programu inavunja ya zamani, inajenga ingine mupya. Tupu."

"Lakini ulisema inaachaka nakala."

Akafungua faili lake, akateremka akitafuta. Mstari aliuona kabla yangu. Alikuwa ameuandikia hifadhi ya mazoezi, kisha akanakili yote alipotengeneza ya kweli: ikibomolewa, isiache nakala ya mwisho. Aliondoa mikono kwenye vitufe kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Baadaye kidogo akairudisha, akafuta herufi zile mbili, moja, halafu nyingine.

"Bado naona B," Madame Estelle akasema. Alikuwa ameshaingia, akiutazama ule mstari mwekundu.

Nikasimama, sijui kwa nini, labda kwa sababu kiti kile ni kifupi.

"Madame, tukitoa ile B sasa, batoto bote banapotea."

Alinitazama kama vile kiti ndicho kilichosema. "Bote namna gani?"

"Elfu mbili mia tatu na kumi na sita. Hakuna pahali pengine beko."

Alimgeukia Liévin. Liévin akainamisha kichwa, ndiyo. Honi ikalia langoni. Madame Estelle alishika ukingo wa meza, akitazama lile jina ambalo dakika chache zilizopita lilikuwa aibu.

"Basi, bacheke," akasema. Akatoka kuwapokea.

Liévin alirudisha B zake zote. Kisha akafuta mstari ule mbaya, akaandika mwingine mahali pake, wa kuikataza hifadhi isibomolewe na mtu yeyote, hata yeye. Akaamuru programu ionyeshe tena. Kujenga sifuri, kurekebisha moja, kubomoa sifuri. Swali lile lile likajitokeza chini, likingoja herufi tatu.

Hakuandika. Alisogeza kiti chake pembeni, miguu ya kiti ikakwaruza saruji, akanisukumia kompyuta.

"Soma weye kwanza," akasema. "Yote."

Viatu vya wageni vilikuwa vimefika barazani, na sauti ya Madame Estelle iliwaongoza kwa Kiswahili chake cha kitabu. Mtandao ukapotea, ukarudi. Mlango ukafunguliwa nyuma yangu, mtu akabisha hodi akiwa tayari ndani.

"Mungoje kidogo," nikasema bila kugeuka, nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.