Pistoni ya Katikati

Mimi nina hasira za karibu. Nimezirithi kwa baba pamoja na trekta lake, na baba mdogo anajua hivyo viwili vyote. Ndiyo maana kwenye kikao cha mirathi, mbele ya ukoo mzima, alisema huku anatabasamu, "Sawa mwanangu, mpaka Ijumaa. Likinguruma, lako. Lisiponguruma, naleta mtu wa vyuma chakavu alipime kwa kilo."

"Litanguruma," nikasema.

"Mpaka Ijumaa," akarudia, utadhani mimi kiziwi.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Trekta lilikuwa bandani nyuma ya nyumba, lina miaka hamsini na ushee, rangi imebaki kwenye madigadi tu. Tulikuwa tunaliita Kiguru kwa sababu lilikuwa linachechemea kwa sauti: du-du-ka, du-du-ka. Uwe shambani, uwe chooni, ulijua baba huyo anarudi. Watu wakimcheka alikuwa anapiga kifua. "Hilo ni la kiwandani! Hata nati haijaguswa. Ndiyo sauti yake ya kuzaliwa!"

Fundi niliyemwita wanamwita Spana, kwa wembamba wake na kwa kinywa chake kisichofungika. Alifungua injini siku hiyohiyo, akatoa pistoni tatu, akazipanga juu ya gunia zikiwa nyeusi tii. Vichwa vimeungua, ringi zimekatika.

"Silinda zenyewe bado nzima," akasema. "Tafuta pistoni na ringi zake. Na uende nazo zote tatu, dada. Spea hainunuliwi kwa mdomo. Unakwenda na kuukuu mkononi, unafananisha."

"Zote tatu za nini? Si zinafanana? Za kiwandani hizo."

"Beba zote."

Nikabeba moja, iliyokuwa karibu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, najua, lakini Spana si mkuu wangu, nikajiambia. Mimi ndiye ninayemlipa.

Jumanne kutwa nilikuwa kwenye mtaa wa spea mjini. Duka la kwanza walicheka. La pili wakaniuliza kama nafungua makumbusho. La tatu muuzaji hata hakuinua macho. "Mwambie mumeo aje mwenyewe."

"Mume ninaye, ila hajui tofauti ya pistoni na sufuria. Unazo au huna?"

Hakuwa nazo. Nilitembea mpaka viatu vikanikata, na kila nilipotaka kukaa chini niliona ile mizani ya vyuma chakavu na tabasamu la baba mdogo, nikainuka. Mwisho kabisa wa mtaa, kwenye kibanda kilichojaa maboksi mpaka darini, nilimkuta mama mmoja mnene wanayemwita Mama Gololi. Aliipima pistoni yangu kwa kipimo chake, akapanda ngazi akiguna, akashuka na boksi lenye vumbi la miaka.

"Hizi zimeningoja mpaka nimezeeka nazo," akasema. "Hizo nyingine mbili una hakika ziko kama hii?"

"Kama mapacha."

Nikanunua tatu, Jumatano nikarudi nyumbani, na Alhamisi asubuhi Spana akaanza kufunga. Ya kwanza ikaingia. Ya tatu ikaingia. Ya katikati ikagoma. Akaigeuza, akaipaka oili, akaibembeleza kama mtoto anayekataa uji. Wapi! Akaichukua ile kuukuu ya katikati, akaifuta masizi, akaiweka karibu na wenzake.

"Dada, njoo uwaone mapacha wako."

Ilikuwa nyembamba kuliko zile mbili, kama unene wa ukucha hivi. Tena kichwa chake bapa, wakati wenzake wana kishimo. Spana akamulika tochi ndani ya silinda. "Na slivu yake pia, hili bomba la ndani pistoni inamopita, imetoka kwingine, ikachongwa nje ili iingie hapa. Aliyefanya hii kazi ama kichaa, ama fundi haswa. Ndiyo maana linachechemea."

Nilitupa kitambaa chini nikamsema baba, Mungu anisamehe, kwa maneno ambayo asingeyavumilia akiwa hai. Kwenda mjini na kurudi ni siku mbili. Kesho ni Ijumaa. Nililia kwa hasira, mbele ya fundi, wala sikujali.

Mama akatoka jikoni, mikono ina unga. Akaiangalia ile pistoni juu ya gunia.

"Hiyo ni ya mashine yangu ya kusaga," akasema.

Mashine yake naijua. Iko stoo, tunaweka vyungu juu yake. Nilikuwa na miaka sita ilipoacha kufanya kazi. Kabla ya hapo wanawake walipanga foleni mlangoni kwetu. Baada ya hapo mama alianza kumwomba baba hata hela ya chumvi. Baba alisema imekufa, basi.

"Mwaka ule trekta lilifia shambani, na mvua imeshaanza," mama akasema. "Tungelala njaa. Nikamwambia atoe pistoni yangu na slivu yake. Akaniomba nisiseme kwa mtu, nduguze wasije wakasema anabebwa na mkewe. Akaahidi kwamba baada ya mavuno atanirudishia."

"Akakurudishia?"

Akaingia ndani, akarudi na kopo. Ndani yake, kwenye kitambaa chenye grisi, ilikuwamo pistoni mpya, ringi zake juu yake. "Alirudisha nusu. Slivu hakuipata. Kila mwaka naipaka grisi, naingoja slivu. Miaka ishirini na saba."

"Mama, hiyo ni ya mashine yako."

"Mashine ina vyungu juu. Wekeni."

"Basi tukilima msimu huu, kitu cha kwanza ni slivu yako."

"Baba yako alisema hivyohivyo," akasema, akarudi kwenye unga wake. Yale maneno yalinichoma, na mpaka sasa yananichoma.

Spana akakohoa. "Sasa niweke, nisiweke?"

"Weka."

Ijumaa baba mdogo akafika na mtu wake na mizani yake. Sikusalimia. Nikashika hendeli, nikazungusha. Kimya. Nikazungusha tena, likakohoa. Mara ya tatu nilizungusha kwa hasira zote za ukoo wetu, likatoa moshi mweusi, likatikisika, likashika: du-du-ka, du-du-ka.

Baba mdogo, haki yake nampa, machozi yalimlenga. "Jamani. Sauti ya kaka yangu hiyo."

"Hapana, shemeji," mama akasema. "Hiyo ni mashine yangu."

Baba mdogo akacheka. Halafu akatuangalia, akaona hakuna mwingine anayecheka, na mama akamweleza yote, polepole, injini ikinguruma. Alipomaliza, baba mdogo alikuwa amekalia mizani yake.

"Kwa hiyo trekta ni la nani?" akauliza.

Wiki nzima nilipigania jibu la swali hilo. "La mama," nikasema. "Mimi dereva wake. Na Jumatatu naenda mjini kutafuta slivu ya mashine yake. Safari hii nabeba kila kitu."