Kona Isiyolimwa

Tangu aanze masomo ya jioni ya Kiingereza kwenye ukumbi wa parokia, Coletha hakuwahi kukosa kipindi hata kimoja. Mchana alishona sare za shule kwenye kibaraza chake huko Nangara, na ikifika saa kumi na moja alifunika cherehani, akasali Salamu Maria tatu, akaenda. Alikuwa na miaka hamsini na minne, mjane asiye na mtoto. Wanawake wa rika lake waliitwa Mama fulani. Yeye mji mzima ulimwita Fundi, na alikuwa ameshalizoea jina hilo kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Jumatatu hiyo Mwalimu Edward aliandika ubaoni neno moja fupi: "it".

"Hili ni la kitu, la mnyama, hata la mvua," alisema. "Mvua ikinyesha, Mwingereza husema 'it is raining'."

"Sasa hiyo 'it' ni nani, mwalimu?" aliuliza Mudy, dereva wa bodaboda, aliyekaa nyuma. "Nani ananyesha?"

"Si mtu. Neno linashika nafasi tu."

"Kumbe hawamjui anayenyesha. Wangekuja Babati tuwaonyeshe kanisa."

Darasa likacheka. Coletha naye alicheka, huku akinakili. Saa, baridi, umbali wa safari, vyote vilikaa chini ya neno lile dogo. Kisha mwalimu akaongeza, "Hata mtoto mchanga, kama hujui ni wa kiume au wa kike, utasikia wanamtaja hivyo. Ukishajua, unabadilisha. Kuendelea kumwita hivyo mbele ya mama yake si adabu."

Kalamu ya Coletha ikasimama.

"Na kama mama mwenyewe hajui?"

"Mama gani huyo, Fundi?" alisema Mudy kwa mzaha, lakini safari hii hakuna aliyecheka.

Mwalimu Edward aliweka chaki chini. "Basi yupo mwingine anayejua," alisema taratibu. "Yule aliyempokea."

Miaka thelathini na moja iliyopita Coletha alijifungulia ukweni Mutuka. Damu ilimtoka mpaka akazimia, na alipozinduka wakamwambia kitoto kilizaliwa kimekufa na kimeshazikwa. Kitoto, basi. Hakuna aliyelazimika kusema zaidi, naye hakuthubutu kuuliza. Hakushika mimba tena. Kila Novemba ilipokaribia, parokia ilipogawa bahasha za kuandika majina ya marehemu wa kuombewa misa, aliandika wazazi wake, na kwa miaka tisa sasa mumewe Aniceti, kisha akaacha mstari mmoja wazi. Angeandika nini? Alimwomba Mungu aujaze mwenyewe. Bahasha za mwaka huu zilitakiwa kurudishwa Jumapili.

Jumamosi alipanda bodaboda ya Mudy hadi Mutuka, kwa Shangazi Vailet, shangazi wa marehemu mumewe. Ndiye aliyepokea watoto wa ukoo mzima. Alimkuta ameketi mlangoni, ungo wa maharage mapajani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Karibu, fundi wetu. Umenishonea nini?"

"Leo nimekuja mikono mitupu. Nimekuja kuuliza habari za yule mtoto."

Bibi hakuuliza mtoto yupi. Aliendelea kuchambua maharage, akitupa mabovu pembeni.

"Nilidhani nitakufa hujaniuliza," alisema. "Na kila mwaka ulipopita nilishukuru."

"Alikuwa wa kiume au wa kike?"

"Wa kike. Mrefu wa vidole kama wewe."

Coletha alishika nguzo ya mlango. Alikuwa amejiandaa kusikia hilo, au alidhani hivyo.

"Alilia?"

"Kulia hapana. Alipumua. Taratibu, kama mtu anayepoza chai." Mikono ya bibi ilitulia juu ya ungo. "Nilimmwagia maji kichwani, nikasema maneno ya ubatizo kama padre alivyotufundisha. Alikaa nasi mpaka jua likafika hapa kizingitini. Ndipo akaenda."

"Mliniambia alizaliwa amekufa."

"Na wewe ulikuwa unakwenda. Tulisema ukimwona utamfuata. Tukakubaliana wote."

"Wote? Na Aniceti?"

"Ndiye aliyechimba, mwanangu. Pale kwenye kona."

Hapo Coletha akakaa chini, mavumbini, na gauni lake la kanisani.

Kona aliijua. Shamba la Aniceti lilikuwa nyuma ya nyumba ile, na mwisho wake, karibu na mpaka wa miiba, palikuwa na kipande kisichozidi mkeka ambacho hakikulimwa kamwe. Alimsema mumewe kwa ajili ya kipande kile miaka nenda rudi. Mvivu wewe, jembe linakuishia hapo. Mwaka mmoja Aniceti akiwa safarini alikilima mwenyewe, akapanda maharage. Aliporudi, mwanamume yule aling'oa mche mmoja mmoja kwa mkono bila kusema neno, akasawazisha udongo kwa kiganja. Siku mbili Coletha hakumpikia.

"Ulimbatiza jina gani?" aliuliza.

"Philomena. La mama yangu."

Alikwenda mwenyewe hadi kwenye kona. Mabua makavu yalisimama pande zote, na katikati nyasi fupi. Alipiga magoti. Sala zote alizozijua zilimkimbia. Alichoweza kusema ni kuomba msamaha kwa ajili ya yale maharage, na alisema hivyo mara nyingi, mpaka Mudy akaita kutoka barabarani kwamba wingu linashuka.

Shangazi Vailet alimsindikiza hadi kwenye pikipiki, akiegemea fimbo.

"Nenda salama, Mama Philomena," alisema.

Mudy alimtazama abiria wake, kisha akawasha pikipiki.

Jioni Coletha alitandaza bahasha juu ya meza ya cherehani. Aliandika wazazi wake. Ilipofika zamu ya Aniceti kalamu ilikataa. Miaka ishirini na miwili walilala kitanda kimoja, naye akiyabeba yale peke yake, na kumnyima mwenzake hata kuyabeba pamoja naye. Mvua ilikuwa ikipiga bati.

Mwishowe aliandika: Philomena. Kisha chini yake, kwa herufi ndogo zaidi: na baba yake.