Betri ya Zamani Chini ya Kiti

"Lithiamu yako ni ya uongo, Armel." Tonton Léonidas alisema kwa sauti ya juu mpaka kuku za jirani zikanyamaza. "Usiku wa kwanza tu, frigo imezima. Nyama ya wageni imenuka katikati ya mbuga ya Akagera."

"Haiwezekani, Tonton. Ile betri inabeba siku tatu," na mimi nikapandisha sauti.

"Muulize Maneno."

Maneno ni dereva wa ile gari ya kulala ndani, ile Tonton anakodishia watu wanaenda porini ambako umeme haiko. Alikuwa amekaa juu ya tairi, vumbi bado iko kwa nyusi.

"Mimi nimechoka," alisema. "Ilizima. Kwa nini, sijui."

Sasa sikiliza. Nimemaliza sekondari mwaka jana, nakaa hapa Gahanga kwa Tonton, mjomba wangu, nafagia karakana. Miezi sita nimemwomba atoe ile betri ya asidi, nzito kama jiwe, kila Jumamosi inaomba maji. Mwisho akakubali kununua lithiamu, kwa sharti: ikimaliza siku tatu bila kuzima, umeme ya gari iko kazi yangu, na naenda nayo safari. Ikishindwa, narudi kwa mama huko Gitega kuuza soksi.

Nikaingia ndani ya gari, nikanyanyua kiti. Lithiamu iko pale, safi. Pembeni yake, ile ya zamani. Zimeunganishwa kwa waya, kama mapacha.

"Nani amefanya hii?"

"Mimi," Tonton alisema. "Asubuhi ya safari, wewe bado ulikuwa kwa usingizi. Ng'ombe mpya humtumi malishoni peke yake. Unamfunga na mzee wiki moja, anazoea. Baba yangu alifanya hivyo, hakuna aliyepotea."

"Tonton, hii si ng'ombe. Ya zamani imekufa ndani. Njia yote ilikuwa inamaliza nguvu ya mwenzake. Hapa mama ndiye amenyonya ndama."

Maneno akacheka kidogo, macho amefunga. "Kumbe ni weye, mzee."

Tonton akafuta mikono kwa kitambaa, polepole, mara mbili. Nikafikiri atasema pole.

"Kesho saa kumi na mbili inatoka tena," akasema. "Inatoka na zote mbili. Mimi siamini kitu kinaenda peke yake."

"Basi frigo itazima tena, na mimi nitauza soksi kwa kosa yako."

"Usinipandishie sauti kwangu."

Miezi sita naeleza kitu kimoja, hata mdomo inachoka. Nikachukua spana, nikafungua waya za ya zamani, moja, ya pili, nikafunga vizuri zile za lithiamu. Halafu nikaikumbatia ile mzee kifuani, karibu kilo thelathini, mgongo ikalia.

"Unaipeleka wapi?"

"Mahali huwezi kuipata usiku. Kesho saa kumi na moja na nusu nitakuwa ndani ya gari. Ikizima, usijisumbue kunifukuza. Nitashuka mwenyewe."

"Weka hiyo kitu chini, sha, kijana. Imenitumikia miaka tano."

"Si ndiyo maana, Tonton. Na yenyewe imechoka."

Maneno akavuta miguu nipite. Nikatoka, nikasukuma mlango wa karakana na kisigino, ukafunga.