Zamu ya Alhamisi

Alhamisi asubuhi mlinzi alifungua ofisi ya mheshimiwa mbunge, akaenda kupangusa vumbi kwenye benchi la wageni lililoko nje, akamkuta Kitinda ameshakaa. Kitinda alikuwa amezikwa Jumatatu. Mlinzi mwenyewe alikuwepo msibani, tena ndiye aliyehangaika na viti. Alimsalimia, akamwomba ainue miguu kidogo apate kufagia chini ya benchi, naye akainua. Tumbo lake lilikuwa kubwa vilevile kama usiku aliokufa, na alilishikilia kwa mikono miwili, kama wafanyavyo wajawazito wakikaa mahali pasipo na pa kuegemea.

"Umemfuata mheshimiwa?"

"Ndiyo. Leo zamu yangu."

"Hayupo."

"Nitamsubiri," alisema Kitinda, na mlinzi akaendelea na ufagio wake.

Habari zilimfikia dada yake Kitinda kibarazani, alikofanyia kazi yake ya ususi. Mteja alikuwa ameketi chini, nywele za upande mmoja zimesukwa, za upande wa pili zimesimama wima. Binti wa msusi, mwenye mimba yake ya kwanza, alikuwa pembeni akichambua nyuzi. Aliyeleta habari alisema tu kwamba Kitinda yuko ofisini kwa mheshimiwa, amevaa lile gauni la buluu alilozikwa nalo. Msusi akaitikia, akamaliza kichwa kwanza, kwa sababu mteja harudishwi kwao na nusu kichwa. Lakini mistari ya upande ule wa pili haikunyooka.

Kosa lilikuwa lake, na alilijua, maana zamu alizipanga yeye.

Mtaani kwao kulikuwa na zahanati. Ilikuwa na chumba cha kujifungulia chenye kitanda, taa na beseni, na ukutani bamba la uzinduzi lenye jina la mheshimiwa kwa herufi kubwa kuliko jina la zahanati. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa humo jua likishazama. Nesi alikuwa mmoja, na jioni alifunga mlango akaenda zake na ufunguo, kwa kuwa ndivyo alivyoajiriwa. Watoto nao, kwa ukaidi wao, hawakutaka kuzaliwa saa za kazi.

Wanawake wa mtaa hawakukaa mikono mifukoni. Walianza kwa simu. Walimpigia mheshimiwa kwa kupokezana, na kila mmoja akaambiwa na katibu wake kwamba mheshimiwa yuko kikaoni, hata siku za sikukuu. Wakakusanya sahihi za mtaa mzima, hadi ya mzee mmoja ambaye hakuwa akisalimiana na mtu. Katibu alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru kana kwamba ni zawadi, akazifungia kabatini. Kisha mheshimiwa akaja kufanya mkutano wa hadhara, na msusi akanyoosha mkono mpaka akapewa kipaza sauti. Akauliza mlango wa zahanati utafunguliwa usiku lini. Mheshimiwa alimvika kilemba cha ukoka: akamwita shujaa, akamwita mama wa jimbo, akaomba apigiwe makofi. Makofi yalipokwisha, mheshimiwa alikuwa ndani ya gari.

Hapo ndipo mteja mmoja, aliyewahi kufagia ofisi ya mkubwa fulani, aliposema, huku ameinamisha shingo akisukwa:

"Mnapoteza nguvu zenu bure. Hawa hawaogopi kundi. Kundi linanunuliwa soda, linaimba, linaondoka. Wanamwogopa mtu anayerudi."

Basi wakagawana siku. Kila siku ya kazi mwanamke mmoja angekwenda kukaa kwenye lile benchi, bila kelele wala bango, akiulizwa aseme amekuja kwa ajili ya mlango. Msusi aligawa zamu kwa mdomo, vichwa vikipita mikononi mwake. Alhamisi aliichukua mdogo wake, Kitinda, aliyekuwa mja mzito na aliyedai anahitaji mahali pa kukaa asitumwe na mtu. Jina hilo alipewa kwa kuwa ni kitinda mimba kwao, na alideka ipasavyo.

Alifia kwenye kizingiti cha zahanati, usiku, mgongo umeegemea mlango ule ule. Baada ya mazishi kila mwanamke alijua Alhamisi imebaki wazi, na kila mmoja akangoja mwenzake amwambie msusi. Msusi naye alijua, ila ulimi ulimgomea. Kumpa mtu mwingine siku ile kungekuwa kumzika mdogo wake mara ya pili. Kwa hiyo Alhamisi ikabaki ya Kitinda, na Kitinda, pamoja na kudeka kwake kote, hakuwa mtu wa kutegea.

Msusi alipofika ofisini alimkuta ameinamisha kichwa, anapumua kwa kuhesabu, kama alivyofundishwa kliniki.

"Umekula?" alimuuliza, kwa sababu ndilo swali alilomuuliza maisha yake yote.

"Sili siku hizi, dada."

"Na mgongo?"

"Mgongo ndio unaniua," alisema Kitinda, kisha akajisikia alichosema, akacheka kidogo.

"Nenda kapumzike, mdogo wangu. Hii zamu nitaishika mimi."

"Nitapumzikaje? Mtoto yuko njiani. Nikilala tu, uchungu unaanza upya."

Msusi alikaa nyuma yake, akamfumua nywele na kuanza kumsuka upya, maana waliomvalisha walikuwa wamezifunga ovyo. Mchanga ulidondoka mapajani mwake. Alilia bila sauti mpaka akamaliza, na mistari yote ilinyooka.

Katibu wa mheshimiwa, kijana mwenye tai na ulimi wa asali, hakuona tatizo. Wageni wa siku nyingine walikuwa wakiomba maji na kumrekodi kwa simu. Huyu hakuomba kitu. Katibu alimuuliza tu kama angali mpiga kura wa jimbo hili. Kitinda akasema hajui. Katibu akasema ataulizia.

Tangu hapo Kitinda hakukosa Alhamisi hata moja. Jioni, ofisi ikifungwa, aliinuka akaondoka kwa mwendo wa pole kuelekea makaburini, na uchungu ulipomshika njiani alisimama akaegemea kuta za watu. Waliomwona walimpisha. Mwenye duka moja alimtolea kiti nje, akawa anakiacha hapo kila Alhamisi.

Mheshimiwa alipiga chenga majuma kadhaa, kisha akaja. Alimpa Kitinda mkono, akaona ulivyo baridi, akaamuru aletewe mto wa kukalia. Baadaye akaamuru benchi lijengewe kibanda, kwa sababu mvua zilikuwa karibu. Juma lile alisikika redioni akisema ofisi yake haibagui, na kwamba hata waliotutangulia wanahudumiwa pale kwa heshima. Watu walimpigia simu kumpongeza, na simu hizo zilipokelewa.

Kwenye zahanati hakuna kilichobadilika. Nesi alifunga mlango jioni.

Tumbo la binti wa msusi lilizidi kushuka. Hofu ilimkaa msusi kifuani tangu anapoamka mpaka anapolala, naye hakuificha. Aliwaambia wateja, aliwaambia wapita njia: yule mtoto akichagua usiku, nitampoteza mwanangu pale pale nilipompoteza mdogo wangu. Zamani mtaani kulikuwa na wakunga, lakini wote walikwisha kufa, na wao hawakuwa na zamu ya kuwarudisha.

Alhamisi moja msusi alimbahatisha mheshimiwa anatoka, akasimama mbele ya mlango wa gari.

"Mheshimiwa, binti yangu anakaribia. Weka mtu wa usiku. Mmoja tu."

"Mama, nakuelewa kabisa. Mchakato unaendelea."

"Mchakato ulikuwa unaendelea pia kwa huyu."

Mheshimiwa akageuka, akamtazama Kitinda kwenye benchi. Kitinda akamtazama. Alikuwa katikati ya uchungu na hakuweza kusema, akainua kidole tu, kumwomba asubiri uchungu upite.

"Huyu tulimpa mto," alisema katibu taratibu, akamfungulia mkubwa wake mlango wa upande wa pili.

Alhamisi iliyofuata binti alimwambia mama yake kwamba anakwenda kumsalimia mama mdogo. Hakuwa amemwona tangu msiba, na aliona haya. Msusi alikataa, kisha akashindwa, kwa sababu hakupata namna ya kumkataza mtoto asimsalimie mama yake mdogo. Wakaenda pamoja, polepole, binti akipumzika kila penye kivuli.

Kitinda aliwaona tangu mbali. Uso ulimchangamka. Alimtazama binti, akalitazama lile tumbo kwa furaha kabisa, kisha akajivuta hadi mwisho wa benchi na kupigapiga nafasi iliyobaki.

"Njoo ukae, mwanangu. Utachoka kusimama."

Alilisema kwa upendo. Ndivyo alivyokuwa akimpisha tangu binti yuko mdogo, kitandani na mezani, na binti, aliyechoka kweli, alishika kiuno akaanza kujishusha.

Msusi alimdaka mkono, akamvuta, akakaa yeye. Baridi ya mbao ilimpanda mpaka shingoni. Alikaa vizuri, akajitanua, akaweka na mkoba wake pembeni, pasibaki hata pa kuweka kanga.

"Dada, hiyo si siku yako," alisema Kitinda.

"Tangu leo zote zangu."

Kitinda hakubishana. Aliegemeza kichwa begani kwa dada yake, na uchungu ulipomjia alimbana mkono, na msusi akahesabu naye mpaka upite. Jioni mlinzi alikuja na funguo akasema wanafunga. Kitinda aliinuka, akawaaga, akashika njia yake. Msusi hakuinuka.

"Mama, tunafunga."

"Funga, baba."

Mlinzi alizunguka benchi mara moja. Katibu alichungulia dirishani akauliza kama yule naye ameshakufa. Mlinzi akasema bado. Katibu akasema basi waangalie kesho.

"Nenda nyumbani," msusi alimwambia binti yake. "Tembea katikati ya njia. Ukisikia chochote, niite kwa nguvu."

Binti alirudi peke yake. Alipofika usawa wa zahanati alimkuta nesi anafunga mlango, mkoba begani, amechoka kama mtu yeyote aliyeshinda kazini. Walisalimiana. Nesi aliliangalia tumbo lake, akamuuliza ni lini.

"Wakati wowote," alisema binti.

"Jitahidi iwe mchana," nesi alimwambia, akatia ufunguo mkobani.