Kopo la Chenga za Mkate

Kopo lilikuwa limejaa. Hisae alikuwa ameshachovya katlesi zote za viazi kwenye mayai na kuzigaragaza kwenye chenga ndipo akagundua, na mikono ikasimama. Jana aliliacha nusu.

Chenga zile alizitengeneza mwenyewe, kwa mkate usio na maziwa. Kwa binti yake Chinatsu, maziwa yalikuwa sumu. Alipokuwa mdogo, kijiko kimoja cha mtindi kilimvimbisha koo hadi akalazwa.

"Mama, umeongeza kitu humu?"

Mama mkwe wake, Bi Tokie, alikuwa akikata kabichi nyembamba kama nywele. "Nimeongeza. Jirani alinipa mkate wake uliobaki, ule laini. Ningeuacha uote ukungu? Kutupa chakula ni dhambi."

"Leo?"

"Tangu wiki iliyopita. Kopo likipungua, nakwangua mkate kidogo, naongeza. Mbona umenikodolea macho?"

Mkate ule laini hukandwa kwa maziwa na siagi. Juzi walikula kamba wa kukaanga kwa chenga zile. Jana nguruwe. Chinatsu alimaliza sahani, kisha akadokoa hata chenga zilizodondoka.

"Chinatsu, njoo."

Akamfunua kinywa, akampandisha blauzi. Hakuna kipele hata kimoja.

"Unawashwa? Koo linakubana?"

"Nina njaa tu. Na wewe unanipaka mayai, Mama."

Bi Tokie aliweka kisu chini polepole. "Mimi nilidhani moto wa mafuta unaua sumu ya maziwa."

"Mafuta hayaui maziwa."

Hisae alimpigia daktari. Daktari akasema Chinatsu asionje tena hata punje. Wamlete kesho apimwe hospitalini, kwani huenda mwili umeanza kuyazoea maziwa.

Hisae akaketi sakafuni. Miaka yote ya kusoma kila pakiti dukani, na yeye mwenyewe ndiye aliyemkaangia.

"Sijui nikushukuru au nikufukuze," alisema.

"Nifukuze kesho, mkitoka hospitali," alijibu Bi Tokie. "Nisikie kwanza daktari amesema nini."

Hisae akainuka, akachukua kopo na sinia la katlesi. Mkono wa bibi ulinyooka kumzuia, kama ulivyozoea. Ukasita hewani. Halafu Bi Tokie, ambaye hajawahi kutupa hata ganda la mkate, akafungua mfuko wa taka, akaushika wazi kwa mikono miwili, akageuza uso pembeni.