Ng'ombe wa Matanga ya Mama

Pale nyumbani kwetu Kosele, kaka yangu Elkanah alikuwa na ng'ombe dume ambaye hakuna aliyethubutu kumgusa. Hakulima, hakuuzwa, hakuazimwa na mtu. Alikuwa ng'ombe wa matanga. Mama yetu alikuwa mgonjwa wa kitandani, miguu imekufa ganzi, na kila mtu alijua kwamba siku akituacha, waombolezaji lazima wale nyama. Mama mwenyewe alilifanyia mzaha jambo hilo. "Hiyo ng'ombe inakula kunishinda," alikuwa akisema, nasi tunacheka.

Aliyemwosha Mama, akamgeuza na kumlisha, ni Rispa, mke wa Elkanah. Akimaliza anajitwika viazi vitamu kwenda sokoni. Mwaka huo mvua ilitukataa, viazi vikatoka vyembamba kama vidole, na binti yao aliyekuwa akisoma Rongo akarudishwa kwa sababu ya karo. Rispa akaacha kulala. Ndoa yangu ilikuwa imenishinda, nimerudi kwetu, kwa hiyo asubuhi nilimkuta jikoni macho mekundu, anatazama moto ambao hajaupikia chochote.

Hospitalini walimpima presha, wakaikuta juu. Daktari akamwambia apunguze chumvi na apunguze mawazo. Apunguze mawazo! Kana kwamba mawazo nayo huchotwa kwa kijiko. Dawa zenyewe hazikuwepo, akaambiwa akanunue kemisti. Basi akanunua chache, akawa anameza siku ambayo kichwa kinamgonga, kikitulia anaacha.

"Yuora, leo sitameza," aliniambia, kwa jina tunaloitana mawifi. "Kichwa imetulia. Wacha niweke ya kesho."

Nilimgombeza. Lakini kumgombeza mtu huku huna kitu mkononi ni kelele tu. Nikamfuata Elkanah zizini, nikamwambia amuuze yule ng'ombe.

"Scovia, Mama akienda leo, watu watakula nini? Mboga ya sukuma?"

"Bibi yako ni mgonjwa."

"Rispa si anatembea? Anaenda soko. Mwenye anatuacha ni Mama."

Kaka yangu si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Baba alipofariki hatukuwa na kitu, waombolezaji wakaondoka na njaa, na mpaka leo kuna watu wanaotutania kwa hilo. Aibu ile ilimkaa Elkanah kifuani. Mama alikuwa anatusikia kutoka kitandani, kupitia dirishani.

"Elkanah! Uza! Mimi sitaamka nikule hiyo nyama!"

Elkanah akajifanya hajasikia.

Rispa alianguka akimwosha Mama. Nilikuwa shambani niliposikia Mama akipiga mayowe. Nilipofika, beseni lilikuwa limepinduka, na Rispa yuko sakafuni kando ya kitanda, mdomo umekwenda upande. Mama alikuwa amenyoosha mkono amemshika kitambaa cha kichwani, maana ndipo mkono wake ulipofika. Tulimkimbiza hospitali. Hakuongea tena, na kesho yake akafa.

Ng'ombe akachinjwa. Watu walijaa mpaka nje ya hema, wakala, wakashiba, wakasifu mchuzi. Mwanamume mmoja alisema marehemu ameheshimiwa kweli. Nilitamani kumvunjia sahani kichwani. Elkanah hakuonja hata kipande. Alikaa kando ya kaburi na kila nilipopita aliniuliza kama asubuhi ile Rispa alilalamika kichwa. Nilimwonea uchungu na nilimchukia kwa wakati mmoja.

Jioni nikampelekea Mama uji, kwa kuwa nyama aliikataa. Nilimgeuza vibaya, sina mikono ya Rispa, akaguna kwa maumivu. Elkanah akaja akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama, nisamehe," alisema. "Ng'ombe yako imeisha."

"Hiyo haikuwa yangu," Mama akamjibu. "Ilikuwa ya Rispa. Umempa sasa, na hana mdomo ya kukula."

Kisha akaniomba nimgeuze, aangalie ukuta.